Mkeka wa Bibi Uliofumuliwa

Mwanamke mmoja, jina lake Mize, alirithi mkeka kwa bibi yake mzaa baba, wala hakurithi kingine. Bibi huyo alikuwa msukaji. Hata waliokuwa hawampendi, na hawakuwa wachache, walikiri kwamba mkeka wake ukitandikwa unalala chini kama maji kwenye sinia. Alikufa Mize angali ananyonya, hakuwahi kumfundisha kitu. Mkeka ukatundikwa ukutani kwa Shangazi Mwanamvua, ambaye ndiye aliyemlea Mize baada ya wazazi wake kufariki. Haukukaliwa hata siku moja. Mgeni akija anaonyeshwa, anaambiwa tazama mkono ule, kisha anakalishwa kwenye jamvi.

Mize naye alisuka. Lakini mikeka yake ilikuwa na kilema kimoja: ikishatandikwa, pembe zake hujikunja zikatazama juu. Watu wakamtania kwamba mikeka ya Mize ina masikio, usiikalie ukasema siri. Kila akitaniwa alizidi kukaza ukili, ule mkanda wa miyaa, yaani majani ya mkindu, unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka, na kila akikaza masikio yalizidi kusimama. Mwisho akaona atakuja kuiacha kazi yenyewe. Akaenda kwa Bi Somoe, aliyekuwa anafundisha wanawake kusuka, na binamu yake Hidaya akafuatana naye.

Bi Somoe hakuwafundisha kusuka. Aliwaambia kila mmoja akalete mkeka wa zamani kuliko yote nyumbani kwao, uliosukwa na mtu aliyekwisha kufa. Wakafurahi, wakidhani wataiga, na Mize akautungua ukutani ule wa bibi. Walipoileta akawapa kisu kidogo cha kukatia nyuzi, akawaambia wafumue. Ukili mmoja, tangu mwanzo mpaka mwisho wake, halafu wausuke tena vilevile.

Wanawake wakanung'unika kwamba wamekuja kujifunza kusuka, si kuharibu. Hidaya, ambaye mambo yake yote ni ya haraka, aliuvuta ukili wake siku ileile, mkavu vile vile ulivyotoka kwenye moshi wa jikoni. Miyaa ikakatika vipande vipande mikononi mwake. Akajipangusa magoti, akasema vitu vya wazee vimekwisha muda wake, akarudi zake nyumbani. Na ndiye aliyekwenda kumwambia mama yake, yule Shangazi Mwanamvua, kwamba Mize naye kapewa kisu.

Shangazi alikuja mwenyewe mpaka uani kwa Bi Somoe. Alisema mbele za watu kwamba atakayeufumua mkeka wa mama yake amemfukua mama yake, na kuanzia siku hiyo asikanyage kizingiti chake. Akauliza pia, wenzake wanasuka, yeye anafumua, basi siku ya harusi yake atatandikiwa nyuzi? Wanawake wakacheka. Mize hakucheka, maana hakuwa na kizingiti kingine duniani.

Siku tatu aliupakata mkeka ule, kisu kiko pembeni. Ya nne akamwambia Bi Somoe kwamba hawezi, ni kumvunjia marehemu heshima. Bi Somoe hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia, "Mwanangu, bibi yako hakuusuka huu utundikwe. Kuna jambo lilikuwa linamkera, akalijibu kwa mkono. Ufumue, umuulize lilikuwa jambo gani."

Mize akakata nyuzi za pembeni. Kisha akaulowesha ukili ule tangu asubuhi mpaka alasiri, akaufunika gunia bichi, kama Bi Somoe alivyomwelekeza, mpaka miyaa ikalainika ikakubali kukunjuka. Akafumua taratibu, urefu wa kidole, akasimama. Akajiuliza, huu mwaa kwa nini umepita chini ya huu na si juu yake? Ukili haujibu. Anausuka tena, anaona sababu, au haioni na usiku ule anakosa raha. Juma zima lilikwisha hajamaliza dhiraa moja. Wapita njia wakauliza kama amelipwa kukaa.

Alipovuka katikati ya ukili ndipo akakuta. Aliulaza mwaa mmoja pajani akaunyoosha, akaona una mikunjo miwili. Mmoja umeingia sana, na mwingine pembeni yake, hafifu, kama kovu la zamani. Mwaa ule ulikuwa umekunjwa mara mbili. Akaunyoosha wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Dhiraa mbili nzima bibi alikuwa amesuka, akafumua, akasuka tena. Na mikunjo ya kwanza, ile hafifu, ilikuwa imebanana, ya pili imeachana kidogo. Mize akaelewa. Bibi alikuwa anakaza. Mkeka ule uliokuwa ukilala kama maji nao uliota masikio, na mwenyewe akakaa nao hapo, amekwama, hajui afanyeje, mpaka akajua.

Mize akalia, na hakikuwa kilio cha msiba. Maisha yake yote alikuwa anaonyeshwa kazi ya mtu asiyekosea, na mbele ya mtu asiyekosea wewe ni wa kunyamaza tu. Leo ndiyo kwanza amekutana na bibi yake. Akasema kwa sauti, "Ahsante, bibi," kama vile bibi kakaa upande wa pili wa ukili ameshika ncha yake.

Akausuka upya kwa mkono uliolegea. Palipokatika miyaa ya zamani akatia yake, mipya, ikaonekana wazi kati ya ile iliyoiva kwa moshi. Akaushona mahali pake. Kisha akaupeleka kwa Shangazi, na kwa kuwa amekatazwa kizingiti, akasimama nje. Hakujitetea. Alimpa mwaa mmoja tu aliokuwa ameuweka kando.

Shangazi akapitisha kidole juu ya mikunjo. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba akiwa mtoto iliwahi kutokea siku mama yake hakula, hakuzungumza na mtu, alifumua mkeka tangu asubuhi mpaka jua likazama, na yeye alipouliza kulikoni alipigwa kofi. Hakumhadithia mtu miaka yote hiyo, akidhani ni aibu ya marehemu na astiriwe. Akauchukua mkeka, akautandika sakafuni badala ya ukutani, ukalala wote, pembe zote. Akaukalia mwenyewe kwanza. Ndipo akamwambia Mize aingie, au anataka abebwe.

Sasa watoto wetu wakifika chuo kikuu, mwalimu wa elimu ile wanayoiita falsafa huwapa kitabu cha mtu aliyekufa kabla ya babu wa babu zao, kurasa mbili wakazisoma mwezi mzima, nasi huku nyumbani tunalalamika kwamba wenzao wanasomea kazi na wao wanafukua wafu. Basi semeni nyinyi: ni nani aliyemshukuru marehemu, aliyemsifu miaka yote bila kumgusa, au aliyekaa naye chini akamuuliza alikwama wapi?