Mkaja wa Bi Zuhena

Kaeni vizuri, maana mwisho wa kisa hiki hauko kwangu, uko kwenu.

Walikuwepo watu watatu. Sista Rukia, muuguzi, alijaliwa jicho lisiloruka mstari. Shekue, fundi umeme, alijaliwa kuiona hitilafu kabla haijatokea. Mwanamvua alijaliwa subira ya kujifunza. Dada yake, Bi Zuhena, alikuwa wiki ya sita wodini: mashine ikimpa oksijeni, sindano ikimshushia sukari, figo zake dhaifu zikimchagulia dawa.

Ijumaa binti yake wa pekee angeolewa. Kwao, mkaja, kitambaa anachotunzwa mama kwa kumbeba bibi harusi tumboni, hupokewa na mama mwenyewe, nyumbani kwake, wala haukatwi vipande. Moyo wa Bi Zuhena ulidunda kama wa msichana. Akaahidi mbele ya wote, "Atakayenifikisha nikaupokea, nitamvika yeye."

Daktari akasema, "Alhamisi nitamruhusu. Lakini nyumbani kuwe na kila anachopata hapa. Kikikosekana kimoja, hatoki."

Sista Rukia alizisoma karatasi za ruhusa mara tatu. Mara ya tatu akasimama. "Daktari, hii dawa ya maumivu tuliisimamisha kwa ajili ya figo. Imenakiliwa kutoka orodha ya zamani." Daktari akaifuta. Bi Zuhena angeimeza, harusi ingemkuta mahututi.

Shekue alikwenda kuichomeka mashine ya oksijeni nyumbani kwa Bi Zuhena. Akakuta wapiga taarabu wanapanga spika ukumbini.

"Mtachomeka wapi?"

"Hapohapo, fundi. Soketi ni moja."

"Basi wimbo wenu wa kwanza ndio pumzi yake ya mwisho." Akawahamishia kwenye jenereta, akaivutia mashine waya wake wa pekee, akaweka na betri ya akiba. Ijumaa umeme ulikatika mara mbili. Bi Zuhena hakujua.

Mwanamvua alijifunza kudunga sindano kwa kuchoma machungwa, hata wagonjwa wa jirani wakamtania kwamba wodi nzima itakunywa sharubati. Ijumaa asubuhi alimdunga dada yake barabara, akamwachia uji. Vigelegele vilipopanda, alimwona anatweta na kutokwa na jasho, akimwita bibi harusi kwa jina la marehemu mama yao.

"Dada, ulikunywa uji?"

"Nilikunywa."

"Muongo wee. Bakuli hili hapa, limejaa."

Furaha ilikuwa imemsahaulisha. Mwanamvua akampima, sukari imeshuka vibaya. Akamnywesha maji ya sukari, funda kwa funda, mpaka macho yakarudi mahali pake.

Ndipo wajumbe wa bwana harusi wakaingia na mkaja, mwekundu, mpya, bado unanukia udi. Bi Zuhena akaupokea kwa mikono yake miwili. Mbele yake wamesimama wale watatu, maana Sista na fundi nao walialikwa, kila mmoja akimsukuma mwenzake mbele.

"Mpe fundi, Bi Zuhena," alinong'ona Rukia.

"Mpe mdogo wako," alisema Shekue.

"Mpe Sista," alisema Mwanamvua, huku bado kashika kikombe.

Bi Zuhena akaukunjua, akauinua. Bwana harusi yuko mlangoni, na bibi harusi hatoki mpaka mama aitimize ahadi yake.

Haya, mliokaa hapa: mwelekezeni. Mkaja utue mabegani mwa nani?