Amina ya Ukumbi Mzima

Alikuwepo dada mmoja, kiongozi wa bendi ya roki. Ndiyo, roki, yale magitaa ya umeme. Mama pale mbele, usinikunjie uso, sikuja kuhubiri magitaa. Nyimbo zote alitunga yeye na kuimba yeye. Miaka na miaka alijaza kumbi, na wapigaji wake wote walikula kwa koo lake.

Koo likaanza kuuma. Daktari akamwambia apumzike, la sivyo sauti itakatika na haitarudi. Akamwendea mpiga gitaa, mkubwa wa wale wapigaji.

"Kaka, naumwa. Naomba tusimame kwanza."

"Pole sana, dada. Lakini ukisimama wewe, sisi tule nini? Hebu yatungie wimbo hayo maumivu, moyo utatulia."

Jamani! Mtu anaumwa koo, anaambiwa aimbe! Basi akatunga. Kiitikio chake kilikuwa hivi: "Nishusheni, koo linachanika, nishusheni." Wimbo ukashika nchi nzima. Watu wakauweka kwenye simu, wakauchezea harusini. Harusini! Mnaniangalia nini? Si ndivyo tulivyo?

Siku moja, katikati ya onyesho, akasimamisha muziki. Akashika maikrofoni kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Ndugu zangu, huu si wimbo tena. Naumwa kweli. Nishusheni."

Unafikiri walifanya nini? Ukumbi mzima ukainua mikono, ukamjibu kwa sauti moja: "Nishusheni! Koo linachanika! Nishusheni!" Mpiga ngoma naye, bila haya, akaanza upya. Dada wa watu akaimba, na humo humo sauti ikakatika. Haikurudi tena mpaka leo.

Alipokuwa anatoka mlangoni, shabiki mmoja akamkimbilia. "Dada, ule wimbo umenigusa, we acha tu!" Yule dada akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajishika koo, akamwonyesha. Shabiki akaruka kwa furaha: "Eeh! Hapo hapo ndipo uliponigusa!"

Mnacheka. Haya, chekeni, mkimaliza mniambie.

Jumapili iliyopita, wakati wa shuhuda, mama mmoja alisimama pale kwenye nguzo. Akasema mume wake hainuki kitandani, na yeye mwenyewe mgongo umekwisha kwa kumgeuza. Akasema, "Wapendwa, nimechoka, nisaidieni." Hamkumsikia? Mlimsikia vizuri sana! Sisi tukasema nini? Amina! Tena ile ya kutikisa mabati. Kinanda kikadakia, kwaya ikaanzisha pambio, tukapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, na yule mama akakaa chini.

Leo tazameni pale kwenye nguzo. Yuko wapi? Wiki nzima, nani amekwenda hata kumshikia mgonjwa apate kulala kidogo? Tunaombwa msaada, tunajibu kwa wimbo, halafu tunakwenda nyumbani tukisema ibada ilikuwa tamu!

Nani huyo amesema amina? Nyamaza! Nimechoka na amina zenu. Leo hakuna wimbo wa kufunga. Mwenye gari akaliwashe, akina mama chukueni kanga na sabuni. Nyumba yake ni ile ya pili baada ya mashine ya kusaga. Mtu akiniambia amina tena, nitamuuliza kitu kimoja tu: unakwenda, au huendi?