Kinanda cha Marehemu Lührs

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga walitufundisha kwamba vitu vya thamani mara nyingi huwekwa chini, na anayevitaka hana budi kushusha shingo yake kwanza. Waliojaribu wanajua kuwa shingo ni nzito kuliko kiuno. Detlev Harmsen aliyajua hayo katika mji wa Stade, kaskazini mwa Ujerumani, enzi zile ambazo waungwana walivaa mawigi yaliyopakwa unga mweupe na marafiki wakakosana mkahawani kwa ajili ya muziki.

Detlev alikuja kutoka Dresden, alikokuwa akipiga vinanda vya ikulu, kuomba kazi ya kupiga kinanda cha kanisa, iliyoachwa wazi na kifo cha Mzee Tönnies Lührs. Jumapili ya majaribio vidole vyake vilikimbia kama panya ghalani. Kinanda kilinguruma, vioo vya madirisha vikatetemeka, na Meya Oldehoff akasahau kusinzia. Baraza la mji likamkubali siku hiyo hiyo. Hata hivyo, katika miji ile ya kaskazini kulikuwa na desturi ya kale: anayerithi kinanda hurithi na nyumba, tena humwoa binti wa marehemu, ili mjane asitupwe nje. Binti akikataa, kazi hutafutiwa mtu mwingine.

Binti mwenyewe, Gesche, alimfungulia mlango akiwa na unga wa mkate hadi kwenye viwiko.

"Kumbe ndiwe uliyetaka kutuvunjia madirisha ya kanisa," alisema.

"Yalivunjika?"

"Bado. Ingia kabla hujaenda kuyamalizia."

Detlev akacheka. Alikuwa amejiandaa kuivumilia desturi ile kama mtu anavyovumilia dawa chungu, na sasa akajikuta anaitaka dawa yenyewe.

Gesche hakucheka. Alimwonyesha mlango uliofungwa upande wa nyuma. "Mama yumo mle. Tangu tumzike baba hatoki wala hasemi. Namsukumia chakula, narudishiwa nusu. Mchungaji kaja, Meya kaja, shangazi zangu wamekuja na vilio vyao. Mlango haukufunguka. Sasa sikiliza, Bwana Harmsen. Sina ugomvi na vidole vyako, ila siolewi na mtu ambaye muziki wake haumfikii mama yangu. Baba alikuwa akimpigia kila jioni kwa hiki hapa."

Juu ya meza palikuwa na kisanduku cha mbao, kirefu kama ubao wa kukandia mkate. Kilikuwa kinanda kidogo cha nyuzi. Ukibonyeza kibonyezo, kipande chembamba cha shaba huinuka kikaugusa uzi, na hubaki kikiugusa muda wote kidole kikiwa chini. Sauti yake ni ndogo kama ya mbu aliye chumba cha jirani.

"Hiki?" Detlev alishangaa. "Hiki ni cha kufundishia watoto. Atasikiaje na mlango umefungwa? Ngoja nikitie nguvu."

Akaketi, akakikung'uta kama alivyokung'uta vinanda vya ikulu. Hilo ndilo kosa la kila aliyezoea vinanda vikubwa: kadiri unavyokikandamiza kile kidogo, ndivyo uzi unavyokazwa zaidi, na sauti ikapanda na kuiacha njia yake. Wimbo ulilia ukipinda huku na huku.

Mara sauti ikatoka nyuma ya ule mlango. "Gesche! Mtoe paka juu ya kinanda cha baba yako!"

Gesche alijiziba mdomo kwa aproni. "Basi angalau umemfanya aseme."

Detlev alitoka nje masikio yakiwaka kwa aibu, akaenda moja kwa moja mkahawani. Mle ndani watu walikuwa kambi mbili. Waliokaa dirishani walishikilia kwamba muziki ni wa kushangaza watu. Waliokaa karibu na jiko walishikilia kwamba ni wa kugusa moyo, na kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kuhama kiti. Detlev alikaa dirishani.

"Kile si kinanda, ni kisanduku cha nzi!" alisema. "Muziki usiosikika una faida gani?"

Wenzake wakagonga vikombe mezani. Upande wa jiko, mfamasia Ficke akatoa kiko chake mdomoni. "Kijana, mkeo akikunong'oneza kitandani, utamwambia akalete tarumbeta?"

Hata watu wa dirishani walicheka. Detlev naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Aliyapima maisha yake taratibu, bila kujihurumia. Alikuwa ameshangaza watu tangu utotoni. Walimpigia makofi, halafu wakaulizana chakula kitakuwa tayari lini. Hakumkumbuka hata mmoja aliyefungua mlango kwa ajili yake. Mji mwingine wa kuomba kazi ungepatikana. Lakini akienda huko atakwenda na yule paka.

Kesho yake alirudi kwa kina Lührs.

"Nifundishe," alimwambia Gesche.

"Mimi nimfundishe bingwa wa Dresden?"

"Nifundishe mimi paka."

Gesche alimvutia kiti. "Vua hilo wigi kwanza. Masikio yako yamevaa makoti."

Detlev alisita. Kwa mwanamume wa heshima, kukaa bila wigi mbele ya mwanamke ni kama kukaa bila shati. Mwishowe alilivua, akalitundika kwenye kitasa. Gesche akafunga madirisha, akaisimamisha saa ya ukutani.

"Inama. Zaidi. Sikio liende kwenye nyuzi."

Aliinama hadi pua ikakaribia mbao, akabonyeza polepole, na ndani ya ule udogo akakuta nafasi kubwa. Kwenye vinanda vya ikulu, noti ikishapigwa imekwenda zake. Hapa alikuwa bado ameishika mkono. Alipokitikisa kidole bila kukiinua, noti ilitetemeka kama sauti ya mtu anayejizuia kulia. Akaifurahia, akaanza kuzitetemesha zote.

"Acha!" Gesche alimkatiza. "Baba alikuwa akisema, anayetetemeka kwa kila neno hana huzuni, ana baridi."

Alifanya mazoezi siku nyingi, kichwa wazi, mgongo umepinda. Hatimaye jioni moja Meya Oldehoff alikuja kutaka jibu la Gesche kuhusu ndoa. Detlev aliketi kinandani, akaanza wimbo wa taratibu ambao marehemu alimtungia mkewe.

Meya alisubiri amesimama wima. "Mbona sisikii kitu? Ameanza?"

"Inama, Bwana Meya," Gesche alinong'ona. "Na wigi, tafadhali."

Meya alitazama huku na huku, akavua. Upara wake uking'aa kwa mwanga wa mshumaa, aliinama hadi sikio likakaribia nyuzi.

Ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka. Bibi Wobke Lührs alitoka amevaa nguo zake nyeusi, akiburuta kiti chake mwenyewe. Alikiweka kando ya kinanda, Meya akampisha, naye akalaza shavu lake kwenye mbao. Vidole vya Detlev vilitamani kukimbia. Akavizuia hadi mwisho.

"Noti ile ya mwisho," mjane alisema bila kuinuka, "marehemu alikuwa akiiacha ife yenyewe. Wewe umeikatiza. Rudia."

Akarudia. Wote wanne walikuwa wameinama juu ya kile kisanduku, na noti ilipokufa hakuna aliyejua ni lini hasa.

Bibi Wobke akajipangusa macho, akanyoosha mgongo. "Gesche, mkate upo? Nina njaa. Mkatie na huyu paka."

Detlev alipewa funguo za kanisa, na harusi ikafuata. Kila Jumapili aliendelea kuvitetemesha vioo, maana kanisa nalo lina haki yake ya kunguruma. Jioni wigi lake lilining'inia kwenye kitasa, na mgeni aliyeuliza kwa nini alijibiwa na Gesche, huku akimsogezea kiti karibu na kinanda: mtaka cha mvunguni sharti ainame.