Mkondo Usio na Jina

Sogeeni, na mwenye tabia ya kubisha akae mbele kabisa, maana leo tunamhitaji.

Kijijini kwetu Shumbani, kisiwani Pemba, wako watu watatu wenye sifa zao. Bi Mize Hamadi, mkulima wa mwani, ana subira: miaka saba, kila alipoingia shambani alitumbukiza kipimajoto majini, akaandika daftarini. Raya, mtoto wa kaka yake, ana kichwa: aliyachukua madaftari hayo akaunda bahari nzima ndani ya kompyuta, yenye mikondo, pepo na joto lake, ajue mwani utaponaje maji yakizidi kupata moto. Faki Shaame, mzamiaji wa pweza, hakusoma sana, lakini ngozi yake inayajua maji.

Mwaka jana kompyuta ilisema mwani utakuwa salama. Wanawake arobaini wanaolima mwani kijijini wakashangilia, kwani mwani ndio unaowasomeshea watoto. Faki akakataa.

"Shangazi yako huenda shambani wakati wa bamvua tu, maji yanapokupwa mbali," alimwambia Raya. "Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, wanawake wote wako nyumbani. Na siku hizo, mwanangu, ndizo maji hutuama yakawa moto."

Raya akayafungua tena madaftari. Siku hizo kweli hazikuwamo daftarini, na yeye alizijaza kwa kukadiria. Faki akaenda kupima joto vipindi viwili vya maji mafu mfululizo, Raya akaisahihisha bahari yake. Safari hii jibu likawa baya: baada ya wiki tatu mwani wote wa ufukweni utaoza. Ila likaonyesha mkondo mmoja wa kina ambao maji yake yatabaki baridi.

Tukahamishia huko kamba zote tulizofungia mwani. Joto likaja. Majirani wa vijiji vingine, tuliowaambia wakatucheka, mwani wao uligeuka mweupe ukaoza. Wetu ukapona, na naona fahari kusema kwamba mimi pia nilibeba kamba.

Sasa ramani mpya ya bahari inachorwa, na mkondo ule utapewa jina la mtu mmoja tu. Sheha, kiongozi wa kijiji, akawaita watatu hao.

"Bila madaftari yangu, kompyuta hiyo ingekuwa tupu," alisema Bi Mize.

Raya akajibu kwamba madaftari yalikaa kabatini miaka saba bila kumwonyesha mtu mkondo wowote. Faki akasema kwamba bila yeye wangeshangilia mpaka mwani uoze.

Hakuna aliyesema uongo. Sheha ameshika kalamu, na anajua kuwa vitukuu wetu watalitaja jina hilo moja, na mawili watayasahau. Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika la nani?