Kichwa cha Chibago

"Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Leo mmemsikia kinyozi akiisema methali hii, vijana wangu, nanyi mkacheka, na sasa mwataka kujua imetoka wapi. Haikutoka kwenye kicheko. Ilianzia kichwani mwa mtu aitwaye Chibago, na mambo yalikuwa hivi.

Zamani hizo, huku kwetu bara, wanaume hawakunyoa. Walivaa ngozi ya mbuzi begani, na nywele waliziacha zikarefuka, zikasukwa misuko myembamba, zikapakwa mafuta ya mbarika na udongo mwekundu. Mwanamume alisukwa na mkewe. Ukiona kichwa cha mtu kimetulia, ulijua na nyumba yake imetulia.

Mke wa Chibago, Mbeleje, alifariki mwaka wa njaa. Kabla ugonjwa haujamlaza moja kwa moja, alikuwa amemsuka mumewe. Desturi ilimtaka mfiwa afumue nywele baada ya matanga. Chibago hakufumua. Wazee walimsema wakachoka. Misuko ilipokauka, alimwomba binti yake, Nyemo, aipake mafuta tu, asiifungue.

"Vidole vya mama yako vimo humu," alimwambia.

Ndipo boma la wakoloni likajengwa ng'ambo ya bonde, na wakubwa wa boma wakataka watu wa kuchimba barabara. Kila aliyekamatwa alivuliwa ngozi yake, akafungwa shuka la marekani, kile kitambaa cha pamba cha dukani, akanyolewa kipara, ili akitoroka ajulikane popote aendako. Wakaanza na vijiji vya karibu na boma.

Huko Chibago alikuwa na rafiki, Mlugu, ambaye aliingia naye jandoni. Habari za kunyolewa kwake zilipomfikia, akaenda kumtazama. Alimkuta amerudishwa kwake, amelazwa kivulini mwa ghala, kichwa kimevimba, kimejaa majeraha yaliyoanza kutunga usaha. Taya zake zilikuwa zimekakamaa, hata maneno yalitoka kwa taabu.

"Nilikataa kukaa chini," alisema Mlugu. "Wakanikalia. Wakaninyoa kavu, kwa wembe ule ule ulionyoa kijiji kizima."

"Nitakukanda, utapona."

"Siponi. Nisikilize, ndugu yangu. Kwenu wanakuja. Usishindane nao. Tia maji."

"Nywele hizi ni za Mbeleje, Mlugu."

"Najua. Tia maji."

Hakusema tena. Walipomzika, kichwa kile kilifunikwa kwa jani la mgomba, maana hata mama yake hakuweza kukitazama.

Chibago alirudi kwake akakaa mlangoni, hakugusa chakula. Nyemo akapiga magoti mbele yake.

"Baba, tukimbilie porini."

"Waliokimbia wamechomewa maghala yao, mwanangu. Utakula nini? Lete kibuyu."

"Ni maji ya kunywa, baba. Kisima kimebaki tope."

"Lete."

Binti akaleta. Chibago akainamisha kichwa. "Fumua," alisema. "Kama lazima zifunguke, basi afungue mtoto wa Mbeleje."

Nyemo akafumua msuko mmoja mmoja, huku akimimina maji kidogo kidogo. Udongo mwekundu ukayeyuka, ukamtiririka babaye shingoni na kifuani, mtu angedhani amechinjwa. Binti alilia. Baba hakulia. Nyemo alipomaliza, Chibago alimshika mikono, akaiweka puani, akavinusa viganja kwa muda mrefu kabla ya kuiachilia.

Asubuhi askari walifika. Chibago alitoka akakaa chini mwenyewe, kichwa amekilowesha tena kwa maji yaliyobaki kibuyuni. Wembe ukapita, nywele zikaanguka bila tone la damu. Jirani zake walipoona, wakakimbilia mitungi. Waliochelewa, vilio vyao vilisikika hadi malishoni.

"Huyu mzee ana akili," askari mmoja alisema, akicheka.

Upepo ulimpiga Chibago utosini, mahali ambapo haukupata kumgusa tangu ujana wake, akahisi amefiwa mara ya pili.

Wakafungwa mashuka, wakapangwa mstari, wakaanza safari ya kwenda barabarani. Njiani walipita vijiji ambavyo boma halijavifikia. Huko wanaume bado walikuwa na misuko yao, inang'aa mafuta. Walipoona mstari wa vipara wakatoka kuwatazama, wakapigana vikumbo kwa kicheko. "Vibuyu! Vibuyu vinatembea!"

Chibago alisimama. Kila alipotazama aliona vichwa vilivyosukwa na wake walio hai.

"Mwenzako akinyolewa," aliwaambia, "wewe tia maji."

Kijana mmoja akauliza, "Maji yanazuia wembe, mzee?"

"Hayazuii. Yanazuia damu."

Wakacheka zaidi. Askari akamsukuma Chibago kwa kitako cha bunduki, mstari ukaendelea. Naye akawa anageuka nyuma, sauti imemkauka, akiwapigia kelele watu waliokuwa bado wanacheka: "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji! Tia maji!"