Siku Nne za Bi Somoe

Mambo haya mashahidi wote wanayakubali: kwamba mume wa Bi Somoe wa Mikindani alifariki tarehe mbili Aprili; kwamba mjane alikaa eda bila kuvuka kizingiti; kwamba eda ilikwisha Alhamisi, tarehe nane Agosti; kwamba mama yake mzazi alifariki Lindi Jumamosi iliyofuata; na kwamba Jumamosi hiyo Bi Somoe alikuwa bado ndani, kwa kuwa hakujua kwamba eda imekwisha. Yaliyosalia yanabishaniwa.

Watu watatu walimsaidia, kila mmoja kwa kipaji chake. Bi Hadia, wifi yake, hasahau tarehe. Swalehe, karani, mtoto wa kaka mwingine wa Bi Hadia, hutengeneza majedwali ya kompyuta: unampa siku ya kuanza na muda, safu ya mwisho inajijaza yenyewe. Mzee Mfaume, jirani, ndiye anayeutazamia msikiti mwezi mwandamo.

Bi Hadia alitaja mwanzo na muda. “Tarehe mbili Aprili. Miezi minne na siku kumi. Andika vizuri, baba, usije ukamfungia wifi yangu mwaka mzima.” Hakusema kwamba miezi ya eda huhesabiwa kwa mwandamo.

Swalehe aliandika alivyoambiwa, na jedwali likaongeza miezi ya kalenda ya ukutani, ambayo ni mirefu kidogo. Likatoa Jumatatu, tarehe kumi na mbili. “Shangazi, pumzisha vidole. Hii haikosei.” Kwa hesabu iliyopewa, kweli haikukosea. Karatasi ikabandikwa sebuleni.

Mzee Mfaume aliisoma karatasi hiyo alipokuja kutoa pole. Alikuwa ameihesabu miandamo mwenyewe, akaiona tofauti ya siku nne. Akanyamaza. Anasema: “Kuwahi kutoka ndilo kosa. Kuchelewa kunamdhuru nani?”

Ijumaa asubuhi kaka yake Bi Somoe alipiga simu kutoka Lindi.

“Dada, mama anakutaja wewe tu.”

“Mwambie Jumatatu. Jumatatu nitalala miguuni pake.”

Kama dharura ingemruhusu kutoka hata ndani ya eda, hilo ni la wanazuoni. Yeye hakuuliza, na simlaumu kwa kuiamini karatasi ya ndugu zake.

Nimewaita wote watatu na kuwasikiliza wakiwa pamoja.

“Niliambiwa miezi,” alisema Swalehe. “Sikuambiwa miezi gani.”

“Umesoma madrasa miaka sita,” alijibu Bi Hadia. “Ulitaka nikufundishe na alifu?”

“Na mimi sikuandika wala sikutamka kitu,” alisema Mzee Mfaume.

“Ndiyo maana umeitwa, mzee,” alisema Bi Hadia.

Bi Somoe amerudi kutoka kaburini kwa mama yake na ametuma neno hili: “Aje mmoja kuniomba radhi, yule ambaye lau si yeye ningemkuta mama hai. Wawili wengine nimewasamehe, wasije.”

Nimekipima kipimo chake, nacho kinawanasa wote. Bi Hadia angeongeza neno moja, Swalehe angeuliza swali moja, Mzee Mfaume angefungua kinywa mara moja, na mama angekufa mkononi mwa mwanawe. Aliyejua akanyamaza, aliyejua akadhani wengine wanajua, na aliyepaswa kujua hakuuliza: mizani yangu inakataa kuegemea upande.

Mlango wa Bi Somoe uko wazi, na anangoja mtu mmoja. Ninyi mliosikia ushahidi wote, mngemtuma nani?