Darubini ya Jalalani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kufagia kama sisi, Mama Pimbi aliishi na watoto wake katika pango la jiwe. Vyombo vyake vyote aliviokota jalalani kwa binadamu. Kopo la maziwa lilikuwa kitanda cha kitindamimba, na kifuniko cha sufuria kilikinga maji ya mvua.

Siku moja alirudi na darubini iliyovunjika, imebaki jicho moja. Watoto walipochungulia, mlima wa mbali ukaja mpaka puani. Kitindamimba akanyoosha mkono aushike. Wakaigeuza, wakachungulia upande wa pili: lo, mlima umekuwa punje ya harage! Walicheka mpaka wakagaagaa.

Mara, dum, dum, Fisi huyo mlangoni. Akasema mvua inakaribia naye analitaka pango hilo. Wahame kabla ya jua kutua. Atakayechelewa atakuwa kitoweo.

Watoto wakajificha nyuma ya mama yao. Mama Pimbi akamkaribisha Fisi maji, maana mgeni ni mgeni. Fisi alipoinama kunywa, mama akawapenyezea watoto darubini, upande ule unaodogosha vitu. Kitindamimba akachungulia, akamwona Fisi mdogo kama mende. Kicheko kikamtoka, kwi kwi kwi.

Fisi akaacha kunywa. Alizoea kucheka yeye, si kuchekwa.

"Kinacheka nini hiki kipanya chako?"

"Msamehe, mjomba," Mama Pimbi akasema kwa upole. "Hajawahi kuona fisi aliyeanza kunywea."

"Kunywea vipi?"

"Kwani hujui kwa nini sisi pimbi tuko hivi? Tulikuwa wakubwa kama tembo. Ndipo tukahamia pango hili, tukanywea mpaka kuwa hivi."

Fisi akasema huo ni uongo, mbona anajiona yuleyule. Mama Pimbi akamjibu kwamba macho ya mtu humwonea haya mwenyewe, hayamwambii ukweli. Kifaa kile hakimwonei haya yeyote, ndiyo maana binadamu walikitupa. Akamshikia, akamwambia aitazame miguu yake ya nyuma.

Fisi akageuza shingo, akachungulia. Miguu ilikuwa kule mbali, myembamba kama ya panzi.

Akamgeukia Mama Pimbi. "Sasa nifanyeje, dada yangu?"

"Kimbia, mjomba. Kila hatua ukiliacha pango, ukubwa unarudi. Na ukifika nyumbani, unywe uji mzito."

Fisi akatimka, pu pu pu, mkia katikati ya miguu. Alipovuka bonde akasimama, akajikagua, akaona miguu imerudi minene. Akapaza sauti kutoka ng'ambo kumshukuru Mama Pimbi kwa wema wake, akaapa hatakanyaga tena pale hata mvua ya mawe inyeshe.

Jioni mvua ikashuka kweli, na pimbi wakalala pakavu, wamebanana kama ndizi kwenye chane.

Basi wanangu, msimwogope mkubwa kabla hamjamtazama kwa upande wa pili.